Mfumo Uliomeza Makosa

Mama mdogo alinipigia simu asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nimewasha kompyuta katika ofisi ya ushirika wetu, Bulyaga. Siku hiyo hakuanza na salamu zake ndefu.

"Gwe mwanangu, hilo gari lenu limekwama wapi?"

"Gari gani, mama?"

"La mapalachichi. Tuko hapa kituoni tangu kulipopambazuka. Mvua inatunyeshea."

Gari halikuwa likienda Kisondela siku hiyo. Lilikuwa limeharibikia Uyole, safari ikaahirishwa, na jana yake mchana nilimwona kwa macho yangu karani wetu akiandika ujumbe wa kuwaambia wakulima wasivune. Aliandika, akabonyeza kitufe, akaendelea na kazi zake.

"Mama, hamkupata meseji jana?"

"Meseji ya nani?"

"Ya ushirika. Kwamba gari haliji."

"Ningeipata ningekuwa nimekaa hapa na makreti?"

Nilifungua ukurasa wa ujumbe. Jina lake lilikuwepo, namba yake ilikuwa sahihi, na mbele yake, kwa rangi ya kijani, pameandikwa: Imetumwa. Chini yake jirani yake: Imetumwa. Nikashuka na ukurasa mpaka mwisho. Kisondela nzima ilikuwa ya kijani.

Karani, dada mmoja mkubwa kwangu ambaye alikuwa pale ofisini kabla hata kompyuta hazijaingia, aliinama akatazama kioo changu. "Imeenda," akasema. "Labda ameifuta bila kujua. Wazee wana mchezo huo."

"Na wenzake wote wamefuta?"

Nikavaa koti la mvua, nikatafuta bodaboda.

Parachichi la kupelekwa nje huvunwa likiwa gumu. Unalikata na kikonyo chake, hulichumi kwa kulivuta. Ukishalikata huna tena hiari nalo: lisipofika kwenye chumba cha baridi mapema, linaanza kulainika, na mnunuzi akilibonyeza kwa dole gumba analirudisha. Kwa hiyo ujumbe wa kuahirisha gari si adabu tu ya kuarifiana. Ndiyo tofauti kati ya tunda lililo mtini, ambalo linaweza kukusubiri wiki nzima, na tunda lililo kwenye kreti.

Barabara ya Kisondela ilikuwa utelezi mtupu. Nilipofika, watu walikuwa wamejibanza kwenye kibanda cha kupimia, makreti yamefunikwa kwa majani ya migomba. Hakuna aliyenifokea. Ningependa wangenifokea. Baba mmoja alinipa simu yake ndogo ya vitufe, akaniambia niitafute mwenyewe hiyo meseji. Niliitafuta. Kulikuwa na ujumbe wa mtoto wake aliye Mbeya, na matangazo ya bahati nasibu, mengi mno. Matangazo ya bahati nasibu yalifika yote. Letu halikuwepo.

"Mtandao upo," akasema, akinionyesha alama juu ya kioo, kama mtu anayejitetea.

"Naona, baba. Si kosa lako."

"Sasa ni la nani?"

Nikasema sijui, na kweli sikujua. Mama mdogo alinishika mkono, akaniambia nisilie mbele za watu. Sikuwa nalia, ilikuwa mvua, lakini nilikuwa karibu. Mimi ndiye mwenye jukumu la mfumo ule. Sikuuandika, niliurithi, lakini kwao mimi ndiye mtu wa kompyuta, na juu ya hayo ni binti wa dada wa mmoja wao. Gari lilipokuja hatimaye, sehemu kubwa ya yale matunda ilirudishwa. Kwa mama mdogo nguruwe waliyala.

Niliporudi ofisini nilifungua programu yenyewe. Nilitafuta mahali ambapo ujumbe unatumwa, na haikuchukua muda kupata nilichokuwa nakiogopa.

Niseme kidogo, kwa wasioandika programu. Mfumo wetu umeandikwa kwa Java. Katika lugha hiyo kuna kazi ambazo lugha yenyewe inajua kwamba zinaweza kushindikana: kufungua faili, kuongea na mashine nyingine kwa mtandao, mambo kama hayo. Ukiandika kazi ya namna hiyo bila kusema utafanya nini ikishindikana, kompaila, yaani chombo kinachokagua ulichoandika na kukijenga kiwe programu, inakugomea. Programu haijengwi. Inakwambia kwa ukavu wake: hapa panaweza kutokea kosa, ama ulishughulikie hapa hapa, ama utangaze wazi kwamba unamwachia aliyekuita. Ni lugha yenye usumbufu wa mama mkwe. Waandishi wengi wa programu wanaichukia kwa hilo, na mimi siku nyingine ninaichukia pia, kwa sababu unakuwa na haraka, unajua unachotaka, na yenyewe inakusimamisha mlangoni kukuuliza: na ikishindikana?

Sasa kuna njia ya mkato ya kuinyamazisha. Unaandika neno la kulidaka kosa, unafungua mabano, unayafunga. Ndani huweki kitu. Kompaila inaona umejibu, inaridhika. Kosa likitokea linadakwa, linaingia kwenye mabano matupu, na programu inaendelea na mstari unaofuata kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mstari uliofuata, katika mfumo wetu, ulikuwa ule unaoandika: Imetumwa.

Ndani ya mabano hayo mtu alikuwa ameacha maneno mawili ya kumbukumbu, yale ambayo kompyuta haiyasomi: "haitatokea kamwe."

Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Kisha nikaweka mstari mmoja wa kuniandikia kosa lenyewe, nikajitumia ujumbe wa majaribio. Kosa likajitokeza mara moja. Kampuni inayotupitishia ujumbe ilikuwa imebadilisha ufunguo wa kuingilia, na kila tulipogonga mlango wao walitujibu kwa heshima kabisa kwamba ufunguo wetu ni wa zamani. Walikuwa wanatujibu kila mara. Tulikuwa tunaambiwa. Jibu lilikuwa linafika mpaka ndani ya nyumba yetu na kutupwa.

Tangu lini? Sijui mpaka leo. Mfumo haukuandika popote. Labda safari nyingi zilizoahirishwa kabla ya hapo watu waliambizana kwa mdomo kanisani na sokoni, nasi tukajipongeza kwamba meseji zimefanya kazi.

Ufunguo niliubadilisha kwa muda mfupi tu. Lakini nilipotafuta mabano mengine matupu, niliyakuta kila mahali. Kwenye kusoma uzito wa mizani. Kwenye kuhifadhi jina la mkulima mpya. Kwenye kunakili data kwenda kwenye mashine ya akiba, jambo ambalo lilinipeleka mbio kwenda kuitazama hiyo mashine ya akiba, nikakuta iko tupu.

Nilimpigia kaka aliyeuandika mfumo. Yuko Dar es Salaam, mtu mchangamfu, mwepesi wa kupokea simu.

"Sista! Rungwe hamjambo? Bado baridi?"

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa.

"Aisee, ufunguo umebadilika, basi badilisha."

"Nimebadilisha. Nauliza kwa nini kosa halikuonekana."

"Sikia, sista. Mwanzoni nililiacha lionekane. Kila mtandao ukitikisika kidogo, ofisi inanipigia: kompyuta imeandika Kiingereza, kompyuta imeharibika. Usiku, Jumapili, wakati wowote. Nikaona bora itulie."

"Ikatulia."

"Si ndiyo? Na tatizo ni Java yenyewe. Inakulazimisha. Ukimlazimisha mtu kujibu kila swali, atakujibu ilimradi. Ndiyo maana lugha za siku hizi zimeachana na mambo hayo. Mimi nimeshahama, hakuna kulazimishana, unadaka kosa ukitaka."

"Na usipotaka?"

"Linapanda lenyewe mpaka juu, programu inaanguka, unaona."

"Na kama huko juu kuna mtu ameweka mabano?"

Akacheka. "Sista, una hasira leo."

Nilikuwa nazo. Kilichonikera zaidi ni kwamba kwa nusu alikuwa sahihi. Mtu unayemlazimisha kila siku kutoa jibu hatimaye anatoa jibu tupu, kama sisi tunavyojibu "nzuri" tukiulizwa habari, huku nyumbani kuna mgonjwa. Lakini lugha ilikuwa imeuliza swali zuri. Ilimuuliza kila mara, na kila mara akaipuuza. Sasa lawama ni za lugha?

Meneja ndiye aliyenichosha kuliko wote. Si mtu mbaya. Ni mtu wa majani ya chai kwa asili, aliyehamia kwenye parachichi, na anaijua milima hii kuliko mimi. Nilimwomba nisimamishe kazi nyingine zote mpaka nisafishe mfumo.

"Una makosa mangapi?" akauliza.

"Sijui, meneja. Mfumo haukuwa unayahifadhi."

"Basi umejuaje kwamba yapo?"

"Kwa sababu nimeona mahali yanapotupwa."

"Umeona mahali yanapotupwa, lakini yenyewe hujayaona."

"Ndiyo."

Aliegemea kiti, akanitazama kama anayetafuta namna ya kunihurumia. "Binti, ofisi hii ina mfumo huu miaka. Sisi hatujawahi kuona kosa hata moja."

"Hilo ndilo tatizo lenyewe."

"Kutokuona kosa ni tatizo?"

Nikamtajia Kisondela. Hapo alikaa sawa, kwa sababu alikuwa ameshasikia maneno ya wazee. Akanipa nafasi mpaka mavuno yafuatayo, kwa sharti kwamba kazi za kawaida zisilale.

Nilifanya kazi ile kwa uchungu. Kuyafuta mabano matupu ni rahisi, swali ni uweke nini mahali pake. Kila moja lilinitaka niamue: hapa ikishindikana, ni nani anayeweza kufanya kitu? Ile sehemu ndogo ya programu inayoongea na kampuni ya ujumbe haiwezi kufanya lolote, haijui hata Kisondela ni nini. Basi nilitangaza kwamba inamwachia aliyeiita. Aliyeiita naye hawezi, akamwachia wa juu yake. Na kila nilipotangaza mahali pamoja, kompaila ilinigomea mahali pengine papya, mistari myekundu inazaa mistari myekundu, mpaka nikawa narudi kwangu Ibighi jioni kichwa kinauma, napita sokoni nasahau nilichotaka kununua. Mara kadhaa kidole changu chenyewe kilifungua mabano na kuyafunga, kwa uchovu tu, nikayafuta huku natukana kimoyomoyo.

Kosa lilipanda ngazi hadi likafika juu kabisa, na huko juu hakukuwa na programu tena. Kulikuwa na kitufe, na nyuma ya kitufe alikuwepo dada karani. Yeye ndiye pekee aliyeweza kufanya kitu: kupiga simu, kumtuma mtu, kumwambia dereva. Kwa hiyo nikampelekea yeye, kwa Kiswahili, kwa rangi nyekundu: "Ujumbe haujamfikia mtu huyu. Mpigie."

Wiki ya kwanza alikuja mezani kwangu akiwa amekunja uso.

"Mdogo wangu, huu mfumo wako unagomba."

"Haugombi, dada. Unakuambia."

"Unaniambia mimi kwa nini? Zamani nilikuwa nabonyeza kinakuwa kijani, naenda kunywa chai. Sasa nabonyeza, unanipa kazi."

"Kazi ilikuwepo tangu zamani. Ulikuwa hufahamu tu."

"Basi mimi nilikuwa na raha kutofahamu," akasema, na akarudi kwenye kiti chake bila kutabasamu.

Kisha meneja akaniita. Alikuwa amesimama nyuma ya karani, mikono nyuma, anatazama kioo chenye wekundu huku na huku. Namba zilizobadilishwa, simu zilizozimwa, namba zilizokosewa tangu siku ya kuandikishwa.

"Binti," akasema, "tangu umeanza kurekebisha, makosa yamezidi."

Kuna hasira ambayo haina pa kutokea. Unafungua mdomo na maneno yote unayoyajua yanakuwa hayatoshi. Nilimwambia makosa hayajazidi, yameonekana. Akaniambia kwa mkulima na kwa mgeni ni yale yale. Ndipo akafika kwenye jambo lenyewe: wanunuzi wangekuja kutembelea ushirika, wangeoneshwa mfumo, na hakutaka waone damu kwenye kioo. Neno lake, damu.

"Rudisha kijani," akasema. "Kwa muda tu."

"Siwezi, meneja."

"Huwezi au hutaki?"

"Naweza. Ni kazi ndogo sana. Ndiyo maana sitaki."

Karani akajifanya anatafuta kalamu. Nikaendelea, ingawa hapa kwetu mtu wa umri wangu hamjibu mzee hivyo. "Nikirudisha kijani, gari likiahirishwa tena, Kisondela watakapopiga simu naomba niwape namba yako. Wewe ndiye utakayewaambia mfumo unasema imetumwa."

"Unanitisha?"

"Shikamoo, meneja, sikutishi. Nakuomba."

Sijui kwa nini nilisema shikamoo katikati ya mabishano. Ilinitoka tu. Alinitazama, akatikisa kichwa, akaingia chumbani kwake. Hakusema ndiyo wala hapana, na siku zilizofuata nilikuja kazini nikiwa sijui kama bado nina kazi.

Wageni walikuja. Nilikuwa nimekaa kona. Mmoja wao alinyoosha kidole kwenye wekundu, akauliza ni nini.

"Hao hawajapata ujumbe," karani akamjibu, bila hata kugeuka kunitazama. "Nitawapigia."

Mgeni akasema "sawa," akauliza choo kiko wapi.

Ikawa imeisha. Yote niliyoyabeba siku zile, kukosa usingizi, kumjibu mzee, yaliisha kwa sawa na choo. Na walipokuwa wanaondoka nilimsikia meneja, mkono begani mwa yule mgeni, akisema kwa fahari, "Mfumo wetu haumwongopei mtu." Nilitoka nje nikasimama kwenye ukungu mpaka nilipoweza kurudi ndani nikiwa na uso wa kawaida.

Katika mavuno yaliyofuata, mvua kubwa iliangusha mnara wa simu upande wa Kisondela, siku ile ile mnunuzi alipoahirisha gari. Karani alibonyeza kitufe na upande mzima ukawa mwekundu. Alipiga simu kwa watu kadhaa, hazikuingia. Safari hii hakuja kunilalamikia. Alifungua dirisha, akamwita bodaboda mmoja wa pale kijiweni, akamwambia apite kituoni na kwa mwenyekiti aseme watu wasikate tunda.

Mnara uliporudi, mama mdogo alinipigia.

"Amekuja mtu wa pikipiki," akasema. "Tumeacha matunda mtini."

"Ndaga, mama, asante. Nimefurahi."

"Lakini nikuulize. Huo mfumo uliokukondesha hivyo, umehangaika nao mpaka ukawa huji hata kutusalimia, mwisho wake ni kumtuma mtu na pikipiki?"

"Ndiyo, mama."

"Mh," akasema. "Si mngemtuma tangu mwanzo."

Nikajaribu kumweleza kwamba ili umtume mtu lazima kwanza ujue ujumbe haujafika, na ili ujue lazima kuwe na mahali kosa linapokwenda. Nilikuwa katikati ya maelezo aliponiambia ndizi zinaungua, akakata simu.

Siku hizi meneja ameridhia tuongeze kwenye mfumo sehemu mpya ya kugawa miche kwa wakulima, na bila kuniuliza alimpa kazi kaka wa Dar, kwa kuwa ndiye mwenye uzoefu. Kaka ameiandika kwa lugha yake mpya, ile isiyolazimisha. Amenitumia juzi niiunganishe. Ni safi, fupi, inapendeza macho. Nilitafuta mabano matupu nikakuta hakuna hata moja, na furaha yangu haikufika mbali, kwa sababu katika lugha hiyo hakuna anayekudai uyaweke. Kazi inayoweza kushindikana na isiyoweza zinaandikwa sawasawa, na ukizitazama huwezi kuzitofautisha. Kwenye Java uzembe wake angalau ulikuwa na alama, ningeweza kuutafuta nikaupata.

Nilimpigia kumuuliza ni sehemu zipi zinaongea na mtandao.

"Sista, isome tu," akasema. "Iko wazi."

Nimefika kama nusu. Kila mstari nauuliza kwa sauti: "Na wewe ukishindikana, nani ataambiwa?" Karani ananitazama kutoka kwenye meza yake, na jana aliniuliza kama ninaumwa.